Pangani Hutazamwa Kuanzia Mtoni

 

Likizo zikikaribia, watu huanza kuulizana: mwaka huu twende wapi na watoto? Safari za ndani ya nchi tumezoea kuzigawa mafungu mawili. Anayetaka wanyama huenda Mikumi, Manyara au Serengeti. Anayetaka majumba ya kale na bahari huvuka kwenda Unguja, au huteremka hadi Kilwa. Leo nataka kuwaelekeza mahali ambapo mafungu hayo mawili yamekaa pamoja tangu zamani. Nazungumzia Pangani, mji wa mkoa wa Tanga, kilomita zipatazo 50 kusini ya jiji la Tanga, pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili tuifuate pamoja. Mji wa Pangani, mto wake, kisiwa cha Maziwe, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti na Hifadhi ya Taifa ya Saadani ni mambo ya ukoo mmoja. Tukiyatembelea kwa vipande hatutayaelewa, na tukiyatunza kwa vipande yatatuponyoka moja baada ya jingine. Anayetaka kuyaona yote kwa mkupuo basi aanzie mtoni.

Tuondoke Tanga mjini, tushike barabara ya kusini. Usiwe na haraka ya kufika. Baada ya kilomita zipatazo 17 kuna kijiji cha Tongoni, na karibu na ufukwe wake yapo magofu ya msikiti yaliyozungukwa na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo za mawe. Ni kazi ya waungwana wa karne ya 14 na ya 15, watu waliofanya biashara na miji mingine ya pwani na nchi za ng'ambo. Vasco da Gama alipita katika maji hayo mwaka 1498 akienda India. Aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1499 alikuwa amepoteza mabaharia wengi kwa maradhi kiasi cha kushindwa kuendesha meli zake zote, na kwenye mafungu ya bahari ya eneo hili akaitia moto mojawapo, São Rafael. Simama pale dakika chache. Waliolaza vichwa chini ya nguzo zile walikuwa na miji yao, misikiti yao na vyombo vyao kabla ya meli yoyote ya Ulaya kuonekana upande huu.

Kutoka Tongoni barabara inapita Kigombe, inapita mashamba ya mkonge na minazi, kisha inakuteremsha Pangani. Njia hii kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na mashimo. Lami imeifupisha safari. Ukishafika, acha majumba kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mto.

Mto ni mpana pale, na maji yake yana rangi ya udongo uliobebwa kutoka mbali. Ng'ambo ya pili ni Bweni, chini ya mwinuko wenye miti. Kwa miaka mingi wasafiri, baiskeli, mbuzi na magari wamekuwa wakivuka kwa pantoni, na wenye haraka kwa mitumbwi. Sasa mradi wa daraja la mita 525 umekuja kubadili mambo hayo. Daraja hilo ni sehemu ya barabara ya lami inayounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga. Wapo wanaoipenda pantoni kwa sababu humlazimisha mtu kusimama na kusalimiana. Mimi naliunga mkono daraja, kwa sababu mama mjamzito wa Mwera au Kipumbwi, huko ng'ambo, anayekimbizwa hospitali usiku hana nafasi ya kungoja chombo cha kuvuka.

Kaa ukingoni asubuhi. Utaona mashua za dagaa zikirejea na karabai zake zimezimwa, wachuuzi wakizipokea, na kina mama wakitandaza dagaa juani. Tazama namna manahodha wanavyohesabu maji. Mlangoni mwa mto kuna fungu la mchanga, na chombo huingia au kutoka kwa kufuata kupwa na kujaa. Tafadhali lishike jambo hili la fungu la mchanga, kwa sababu ndilo lililoamua nusu ya historia ya mji.

Jahazi halina shida na fungu la mchanga. Linangoja bamvua, linapita, linatia nanga katika maji matulivu ya mto, limekingwa na upepo wa kusi na wa kaskazi. Ndiyo sababu, katika karne ya 19, Pangani ilikuwa miongoni mwa bandari zenye nguvu za pwani hii ya Mrima. Misafara ya kutafuta pembe za ndovu ilianzia hapa, ikapanda na bonde la mto kuelekea Usambara, Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, kisha ikarudi na mizigo mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1857 wasafiri wawili kutoka Uingereza, Richard Burton na John Speke, walifika Pangani wakapanda hadi Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa. Mkono wa Kimweri ulifika karibu na pwani, na mkono wa Sultani wa Unguja ulitokea baharini. Pangani iliishi katikati ya tawala hizo mbili, ikila na huyu na kusikilizana na yule.

Kisha kuna habari ya miwa. Udongo wa bonde ulinona kwa tope la mafuriko, na wenye mali, wengi wao Waarabu, wakapanda miwa kando ya mto na kupika sukari. Jasho lililotoka pale lilikuwa la watumwa. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, na waliotoroka wakajenga makazi yao wenyewe na kuyalinda. Mwaka huohuo Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Biashara hiyo haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa magendo, na Pangani ilikuwa moja ya njia zake.

Nasema haya kwa sababu mgeni atakapooneshwa Boma la Pangani, jumba kubwa lenye milango ya kuchongwa, ambalo inasemekana lilijengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiomani, atasifu ufundi wake. Asifu, maana ufundi upo. Lakini asikilize pia simulizi za wenyeji kwamba chini ya misingi yake walifukiwa watu wakiwa hai ili jumba lisimame imara. Iwe ilikuwa hivyo au haikuwa, simulizi hiyo imebeba kumbukumbu ya walionyimwa kauli. Mzazi anayempeleka mwanawe pale asimfiche. Mtoto anaweza kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja, uzuri wa mlango na machungu ya aliyelipa gharama yake.

Sasa tuingie mwaka 1888. Mwezi Aprili, Sultani Khalifa bin Said aliingia mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mamlaka ya kuendesha pwani na kukusanya ushuru wa forodha kwa jina lake. Agosti maofisa wa kampuni wakateremka mijini. Pangani ililetewa mtu aitwaye Emil von Zelewski. Alipandisha bendera ya kampuni, akamdharau liwali na wazee, na akawaudhi watu katika mambo ya heshima yao na ya dini yao. Mji ukamkataa. Alizuiliwa ndani ya nyumba, na hatimaye akaondolewa kwa msaada wa Unguja. Mpaka mwisho wa Septemba, pwani karibu yote ilikuwa imewaka, na kampuni ikabaki imeshikilia Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Aliyesimama mbele ya vita hivyo ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Pamoja naye, upande wa Saadani, alisimama Bwana Heri bin Juma, aliyefuatwa na Wazigua. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri. Pangani ikatekwa Julai 1889. Abushiri aliendelea kupigana bara hadi alipokamatwa, akaletwa Pangani, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapohapo. Bwana Heri alishikilia hadi mwaka uliofuata. Na Zelewski yule aliyefukuzwa Pangani aliuawa Lugalo mwezi Agosti 1891, akiongoza kikosi kilichoangamizwa na Wahehe wa Mkwawa.

Wasikilizaji, Abushiri alipinga utawala wa kigeni kwa ushujaa, na alikuwa pia mmiliki wa watumwa. Historia ya kweli haitutaki tuchague moja na kuificha nyingine. Leo wilaya ya Pangani ina kata iitwayo Bushiri. Na vita vile vilipata mshairi wake, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa pwani hii hii, aliyeviandikia utenzi mrefu ambao wanafunzi wa fasihi wanaujua kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mwalimu wa Kiswahili akiwafikisha wanafunzi wake Pangani na kuwasomea utenzi huo kando ya mto, somo litaingia kuliko kuusoma darasani kwa mwaka mzima.

Mwaka 1893 yalitokea mambo mawili yaliyoubadilisha mji huu. La kwanza, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche elfu moja ilianza safari. Iliyofika hai ilikuwa sitini na ushei tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na mlango wa mto. Mkonge uliokuja kuwa zao kuu la Tanganyika, uliowaleta vibarua kutoka kila pembe ya nchi hadi Tanga kukawa na kila kabila, ulianzia kwenye hiyo miche michache ya Pangani.

La pili, ujenzi wa reli ulianzia Tanga. Reli hiyo ilipanda polepole, Korogwe, Mombo, hatimaye Moshi mwaka 1911. Misafara iliyokuwa ikifuata bonde la mto ikakosa kazi. Na hapa ndipo fungu la mchanga linaporudi katika hesabu. Zama za jahazi zilikuwa zinapita, zama za meli kubwa za moshi zinaingia, na meli hizo zilitaka kina kirefu kama cha ghuba ya Tanga. Kilichoifaa Pangani kwa karne nyingi kikawa kizuizi. Bandari haikufungwa kwa amri; shehena ndiyo iliyohama.

Kwa hiyo mgeni anapozunguka mitaani leo, akaona nyumba za ghorofa zenye roshani, maduka ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi, jengo la forodha na kuta zilizomwaga chokaa, asidhani watu walichoka kufanya kazi. Anaona mji uliopokonywa njia yake. Kazi ya forodha iliendelea kwa kiasi chake, na miongoni mwa waliowahi kuifanya Pangani yupo Shaaban Robert, karani wa serikali aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa lugha yetu.

Hayo ni ya mji. Sasa tupande na maji.

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unashuka kupita chini ya milima ya Upare na Usambara, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, ndipo unafika baharini. Bonde lake lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 40,000, na kipande kidogo kipo Kenya. Njiani maji yanamwagilia migomba ya Wachaga, mpunga, mboga, maua ya kuuza nje na mashamba makubwa ya miwa. Kila tone linalotolewa huko juu lina sababu yake nzuri. Jumla ya sababu nzuri zote hizo ni mto unaofika Pangani ukiwa umepungua nguvu.

Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda. Maji ya chumvi husukumwa na bamvua ndani ya mto, mbali kuliko yalivyokuwa yakifika zamani, na wakulima wa kando ya mto wameshuhudia minazi na mashamba yakiharibiwa na chumvi na kingo zikimeguka. Ukikodi mashua kwa safari ya juu ya mto, jambo ninalowashauri mno, utaanza na mikoko ya mdomoni, utapita minazi, utaona ndege wa maji, na ukibahatika mamba au kiboko. Mwombe nahodha mtu mzima akueleze mti gani ulikuwepo wapi alipokuwa kijana. Utapata somo la mazingira lisilopatikana katika kitabu. Na wewe unayetoka Moshi au Arusha utakuwa unatazama mwisho wa maji yaliyopita mlangoni kwako.

Tutoke sasa baharini. Kilomita chache kutoka pwani ya Pangani na ya kijiji cha Ushongo kuna Maziwe. Kwenye ramani za zamani Maziwe ni kisiwa, na kilikuwa kisiwa kweli, chenye mivinje na vichaka. Kasa wa aina tatu walikuwa wakipanda kutaga mayai juu yake, na wataalamu walikihesabu miongoni mwa mahali pa maana zaidi pa kutagia kasa katika pwani ya Tanzania. Mwaka 1975 kikatangazwa kuwa eneo tengefu la bahari. Lakini miti ilikuwa inaondoka, mizizi iliyoshika mchanga ikaondoka nayo, na mawimbi yakaendelea kumega. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa.

Watalii wengi huenda Maziwe kupiga picha kwenye mchanga ule na kuogelea juu ya matumbawe, na matumbawe yake ni mazuri kwelikweli, yana samaki wa kila rangi. Nawaomba mfanye zaidi ya hapo. Mkifika, waelezeni watoto kwamba pale waliposimama palikuwa na miti mirefu katika uhai wa babu zao. Sheria iliyokilinda ilikuwepo kwenye karatasi kabla kisiwa hakijazama. Ulinzi wa tangazo pekee haukushika mchanga.

Habari njema ni kwamba kasa hawajaacha kuja. Bado wanapanda Maziwe usiku kutaga, ingawa mayai yakiachwa pale yataloa na kuoza bamvua likija. Kwa hiyo watunzaji huyachimbua kwa uangalifu mkubwa, wakayavusha hadi ufukwe wa Ushongo, wakayafukia upya kwa kina kilekile mahali maji hayafiki. Baada ya siku 50 hadi 60 watoto wa kasa hutoka na kukimbilia baharini. Kazi hiyo inafanywa na vijana wa vijiji vya hapo, baadhi yao wakiwa wametoka katika familia ambazo zamani zilikula mayai hayo. Ukiwa Ushongo wakati wa kuangua, omba uruhusiwe kutazama, usiwashike watoto wa kasa, na usiwamulike kwa taa.

Kaskazini ya mlango wa mto inaanza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, nayo inapanda hadi kupita jiji la Tanga. Imepewa jina la samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini kwamba kizazi chake kilitoweka zamani za kale pamoja na madinosaria, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja mzima huko Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wakaanza kuwanasa katika nyavu za kina kirefu, na Kigombe, kile kijiji tulichopita barabarani, ni kati ya mahali walipopatikana wengi. Silikanti huwezi kumwona kwa kupiga mbizi. Makao yake ni mapango ya chini sana. Lakini mikoko, nyasi za bahari na matumbawe yaliyo juu yake unaweza kuyaona, nayo ndiyo mazalia ya samaki tunaowala. Pwani hii iliumizwa vibaya na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi. Baruti moja huua samaki wa siku moja na kuvunja jiwe lililochukua umri wa mtu kukua. Operesheni zilizoanza miaka ya katikati ya muongo wa 2010 zilipunguza sana milio hiyo, na wavuvi waaminifu ndio wa kwanza kushukuru.

Tuvuke Bweni twende kusini, tupite Ushongo, tupite Kipumbwi ambako vyombo huondoka kwenda Mkokotoni, Unguja, mpaka tuingie Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,100, na ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania Bara ambamo wanyama wakubwa wanaweza kufika mpaka mchanga wa bahari. Utaona kongoni, kuro, tohe, twiga, nyati, tembo na, kwa bahati, simba. Karibu na mashamba ya chumvi kuna heroe. Kusini kabisa unapita Mto Wami, wenye viboko, mamba na mbega mitini. Ufukwe wa Madete nao hupandwa na kasa wakitaga.

Sehemu ya kaskazini ya hifadhi ina kisa chenye mafunzo. Ilikuwa ranchi ya Mkwaja, iliyofugiwa ng'ombe wengi kuanzia miaka ya 1950. Mbung'o hawakuwahi kushindwa pale. Majosho, dawa na kufyeka vichaka vilijaribiwa kwa karibu nusu karne, hadi ranchi ilipofungwa mwaka 2000. Ardhi ile baadaye ikaingizwa katika hifadhi, na wanyama pori, wanaostahimili mbung'o, wakarudi. Nchi ilisema inataka nini, na mwishowe ikasikilizwa.

Lakini Saadani ni kijiji pia. Bwana Heri aliishi hapa. Misafara ilianzia hapa. Wavuvi wanaanika samaki wao hapa leo, na wakazi wa kitongoji cha Uvinje wamekuwa na mgogoro wa miaka mingi na hifadhi juu ya mpaka. Sitaki kuwa hakimu wa mgogoro huo katika mazungumzo haya. Ninachotaka kusema ni kwamba mgeni anayepita kijijini kwa gari lililofungwa vioo, akikimbilia twiga, amekosa nusu ya alichokuja kukiona.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Kongoni ana sheria yake na askari wake. Kasa ana eneo lake tengefu. Nyumba ya mji mkongwe wa Pangani, pamoja na kwamba tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, mara nyingi haina mlinzi mwingine ila mwenye nyumba mwenyewe, ambaye hana fedha za chokaa na boriti. Mvua ya masika inapiga, dari inashuka, mlango unauzwa. Na mto unaoushika mji wote uko chini ya ofisi nyingine kabisa. Naomba wenye mamlaka waketi meza moja, wa mambo ya kale, wa hifadhi za taifa, wa bahari, wa bonde la mto na wa halmashauri, na wenyeji wakae nao. Sehemu ya fedha anayotoa mgeni kwa ajili ya kuwaona tembo ikifika kuezeka jumba la kale, na sehemu ya bei ya umeme na maji ya huko juu ikifika kutunza kingo za mto huku chini, hiyo itakuwa haki.

Wakati tunalisubiri hilo, kuna linaloanza na sisi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lala mjini Pangani, usipite tu. Kula wali wa nazi na samaki kwa mama lishe. Mchukue kijana wa mji akutembeze, umlipe bei ya halali. Epuka miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, maana udongo mweusi wa Saadani huzamisha magari. Kabla ya kwenda Maziwe uliza maji yanapwa saa ngapi, na nenda na nahodha anayejulikana mwenye makoti ya kuokolea. Usikanyage matumbawe. Usinunue simbi wala gamba la ng'amba hata ukibembelezwa.

Walimu wa Moshi, Arusha na Korogwe, kwenu nina ombi mahususi. Mnapopanga ziara ya shule, ufuateni mto wenu mpaka mwisho wake. Waanzeni watoto kwenye mfereji wa kijijini kwao, wapitisheni Nyumba ya Mungu, wafikisheni Pangani, na waacheni wazungumze na wakulima wa minazi. Watoto hao ndio watakaokaa kwenye bodi za maji na kwenye mabaraza ya madiwani kesho, na wataamua juu ya watu waliokwisha kuwaona kwa macho yao.